Upande wa Kulia

Tarehe 8, mwezi wa sita

Nimerudi kazini. Mkuu wa hifadhi aliniambia nipumzike hadi mwakani, nikamwambia kupumzika kwenyewe kumenichosha. Alicheka kidogo, halafu akaona sitanii, akaniandikia kibali.

Kazi ni ileile. Kila kiangazi tunafuata simba wa upande wa korongo na kuandika nani yuko na nani, nani amezaa, nani anachechemea, madume gani wameshika kundi na gani wamefukuzwa. Zamani tulikuwa watatu garini. Babu Gia anaendesha. Jina amelipata kwa jinsi anavyozikwangua gia, na wala halimuudhi. Mume wangu alisimama kwenye tundu la juu ya gari na darubini yake, akichora kadi za simba. Mimi nilikaa nyuma nikiandika saa, mahali na idadi. Sasa tuko wawili, na tundu limefunikwa turubai.

Fundi ametengeneza mlango wa nyuma wa kulia. Ulikwama mwaka jana mwezi wa nne, nikahamia kiti cha kushoto, nikabaki huko. Babu Gia aliuliza kama sasa nitarudi upande wangu. Nikamwambia makalio yameshazoea huku.

Jioni wifi alipiga simu. Ni dada wa marehemu mume wangu, hupiga kila Jumapili, na tangu mazishi swali lake ni moja: umelia? Nikamwambia bado. Ni miezi saba. Anasema watu walinitazama usoni siku ile wakasema mambo. Na waseme.

Tarehe 9

Hakuna simba. Vumbi.

Tarehe 12

Tumewakuta Kina Dada, majike wote sita, wamelala chini ya ukingo wa korongo miguu juu. Watoto watano. Niliwahesabu mara mbili kwa sababu hesabu ya kwanza sikuisikia.

Madume wao wawili walikuwa kando, ndugu, mgongo kwa mgongo. Waliingia mwaka jana mwezi wa tano, wakawafukuza wazee waliokuwapo, wakachukua kundi. Marehemu ndiye aliyewapa majina. Mmoja alitembea kama anajua anatazamwa, manyoya ya shingoni yamelala vizuri, akamwita Bwana Harusi. Mwenzake alikuwa nyuma yake kila mahali, akila kilichobaki, akamwita Shemeji. Shemeji ndiye aliyevishwa kola ya redio, kwa kuwa ndiye aliyewahi kulala kwa dawa ya usingizi. Tulicheka sana siku ile. Najua tulicheka kwa sababu niliandika.

Marehemu alikuwa na tabia moja iliyonikera. Kabla ya kuandika chochote kwenye kadi aliinama kwanza kunichungulia pale nilipokaa. Nilidhani ananikagua. Nilikuwa nikimwambia, naandika baba, usinisimamie.

Tarehe 15

Wifi. Bado. Nikamwambia neno lake hilo nalisoma kutwa nzima kazini, kila kadi ina chumba cha KUSHOTO na chumba cha KULIA. Hakucheka. Mimi nilikuwa natania, nadhani.

Tarehe 16

Pundamilia mmoja, kaliwa na Dada Mkubwa na wenzake. Jua kali.

Tarehe 21

Asubuhi madume wawili wageni walinguruma ng'ambo ya mto. Bwana Harusi na Shemeji wakasimama, wakajibu, wakatembea mpaka ukingoni wakikojolea kila kichaka. Wageni wakanyamaza.

Niandike jambo hili vizuri ili anayesoma daftari hili aelewe. Uhai wa wale watoto watano unategemea madume hawa kuwa wawili. Akibaki mmoja, wageni watavuka, watamfukuza, na watoto wasio wao watawaua wote ili majike wazae upya. Hakuna chuki ndani yake. Zamani nilipoyaona hayo nilikuwa nafumba macho. Siku hizi sidhani kama ningefumba.

Tarehe 2, mwezi wa saba

Simba ameingia kwenye zizi la ng'ombe wa maziwa nje ya uzio. Ni ng'ombe wa tatu ndani ya mwezi mmoja, lakini safari hii mkamuaji alikuwa ndani na ndoo. Amepasuliwa bega. Nilimwona akipakiwa kwenye gari la wagonjwa, bado ameshika mpini wa ndoo, ndoo yenyewe haipo. Mwenye zizi hakupiga kelele. Alimwambia Mkuu kwamba yeye akiua simba atafungwa, kwa hiyo anaomba hifadhi iue yenyewe.

Tarehe 5

Mkuu aliniita ofisini. Ukuta wake mzima umejaa kadi za marehemu, amezitia fremu, na katikati ameweka picha yake akiwa na darubini. Niliketi nikiipa mgongo.

Kamera iliyofungwa kwenye tundu la uzio imepiga picha moja alfajiri ile. Imechukua mdomo na jicho tu, pua imeelekea kulia, kwa hiyo ni shavu la kulia la dume. Mkuu alitaka jina. Akasema sheria ni sheria, aliyemjeruhi mtu anapigwa risasi, lakini apigwe yeye na si ndugu yake.

Kazi hiyo ni nyepesi kwa anayeijua. Simba ana mistari ya madoa pale sharubu zinapoota, na hakuna wawili wanaofanana. Mstari wa juu huwa na doa moja, mawili, matatu. Tunahesabu kutoka puani na kuandika kila doa la juu limekaa juu ya la ngapi la mstari wa chini, shavu la kushoto chumba chake, la kulia chumba chake. Kwenye picha madoa ya juu ni mawili, juu ya la tatu na la tano. Nikafungua nakala zangu za kadi:

Bwana Harusi. KUSHOTO: mawili, la tatu na la tano. KULIA: moja, la nne.

Shemeji. KUSHOTO: moja, la nne. KULIA: mawili, la tatu na la tano.

Ndugu hawa wamezaliwa wamepishana, cha huyu kushoto ni cha yule kulia. Marehemu alilifurahia hilo wiki nzima. Mimi ilinichukua dakika kumi. Nikaandika Shemeji, nikatia sahihi.

Nikamkumbusha Mkuu kuhusu watoto na wageni wa ng'ambo. Akasema anajua, na kwamba mkamuaji naye ana watoto.

Garini Babu Gia aliuliza kama tusingekwenda kwanza kumtazama Shemeji mdomo kwa macho yetu. Nikamwambia kadi ni za marehemu, zinatosha. Alinitazama kwenye kioo kama mtu anayetaka kusema kitu, kisha akapandisha dirisha.

Tarehe 6

Nimefua. Nimeanua.

Tarehe 9

Barua imekuja. Shemeji apigwe risasi akiwa peke yake, mbali na watoto. Kwa kuwa ndiye mwenye kola, mimi na antena yangu ndio tutakaompeleka askari mpaka alipo.

Tarehe 12

Askari mlengaji ni mtu mpole. Alivua kofia, akanipa pole ya msiba, akaomba ruhusa ya kukaa mbele kwa sababu ya urefu wa bunduki. Antena ilitupeleka kwenye dimbwi kabla ya saa mbili. Babu Gia akasimamisha gari kama anavyosimamisha siku zote, pua ya gari ikimtazama simba. Marehemu alimfundisha hivyo asije akapata kazi ya kuzungusha shingo.

Shemeji alikuwa anakunywa maji. Pua imeelekea kulia, jua limempiga shavuni. Niliinua darubini kwa mazoea tu, mkono ulikuwa hauna kazi nyingine.

Doa moja. Juu ya la nne.

Nikahesabu tena kutoka puani. Nikasafisha vioo kwa kanga, nikahesabu. Alinyanyua kichwa maji yakimdondoka, akanitazama kwa upande huohuo wa kulia, akanipa nafasi ya kutosha. Moja, la nne. Kadi inasema mawili.

Askari akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, ndiye?"

Nikasema, "Huyu ndiye Shemeji."

Sikudanganya. Akaweka bunduki begani, na papo hapo mtoto mmoja wa simba akatoka majanini, akapita chini ya tumbo la baba yake kwenda kunywa. Askari akaishusha, akasema kesho basi.

Nimekuja nyumbani nikatandaza nakala za kadi zote ishirini na tatu mezani, na kando yake picha za simba haohao zilizo kwenye simu yangu. Nimelinganisha moja baada ya nyingine mpaka chai imepoa. Kadi za zamani ni sahihi zote, doa kwa doa. Ya mwisho iliyo sahihi ni ya tarehe 11, mwezi wa nne mwaka jana. Inayofuata ni ya tarehe 14, nayo imegeuzwa, kushoto kumeandikwa kulia na kulia kumeandikwa kushoto. Kuanzia hapo mpaka ile aliyochora wiki moja kabla ya hospitali, kadi tisa, hakuna hata moja iliyonyooka. Zikigeuzwa, aliyeingia zizini ni Bwana Harusi.

Daktari aliponionyesha ule uvimbe wa kichwani, mwezi wa kumi, aliniuliza mgonjwa ameanza lini kuchanganya mambo. Nikamjibu wiki iliyopita. Nilimjibu haraka, bila kufikiri, na yeye akaandika.

Nimekaa mbele ya kadi nikingoja kitu kinijie. Nilihisi miguu baridi, nikavaa soksi.

Tarehe 13

Sikusema. Kwenye njia panda ya pipa jekundu ishara ilikuwa kali upande wa kulia, mpaka kipaza sauti kikaniumiza sikio. Nikamwambia Babu Gia ageuze kushoto. Kutwa nzima tumetazama nyumbu. Nimemwambia askari ishara ni hafifu.

Tarehe 14

Kushoto.

Tarehe 15

Kushoto. Askari ananiuliza habari za nyani, nami namjibu vizuri.

Tarehe 16

Kushoto. Nimejiuliza kwa nini sisemi, maana kusema ni sentensi moja. Nikisema kadi zimegeuzwa, nitaulizwa tangu lini. Nitajibu tangu mwezi wa nne, na kuanzia wa nne mpaka wa kumi mtu anahesabu kwa vidole. Nilikuwa naishi na mtu huyo. Nilikuwa nakaa naye kwenye gari dogo saa tisa kwa siku, na kazi niliyoajiriwa kufanya ni kuangalia na kuandika. Isitoshe, wataishusha picha yake ukutani. Nisiposema, Shemeji atakufa kwa sahihi yangu, na zizi litavamiwa tena, na pengine safari ijayo mkamuaji hatatoka na bega tu.

Yote haya nayaona wazi kabisa. Nayaona na sisogei.

Tarehe 17

Kushoto.

Tarehe 18

Askari leo alikuwa na homa, tukaenda wawili. Kwenye pipa jekundu Babu Gia hakugeuza kokote. Alizima gari.

Akasema, "Hii siku ya sita, mama, unanipeleka kushoto na chombo chako kinalia upande wa pili. Mimi mzee lakini si kiziwi."

Nikakizima chombo.

"Mwenzio naye alianza hivihivi."

Nikamwuliza alianza lini. Akasema hana tarehe, yeye hana daftari. Ila ilikuwa kabla ya mvua za mwaka jana, pengine mapema zaidi. Marehemu alikuwa akisimama juu anapiga paa kwa kiganja na kusema kulia, huku mkono umenyooka kushoto. Mara ya kwanza Babu Gia aligeuza kulia, na marehemu akaudhika, akamwuliza kama amelewa asubuhi yote ile.

"Nikaona isiwe tabu," akasema. "Nikawa nafuata mkono, sifuati mdomo. Mkono haukukosea hata siku moja."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

Akasema, "Nilidhani nyumbani mnajua. Nikasema hayo ni mambo ya mtu na mke wake, mimi dereva nitaanzaje?"

Ningependa kuandika kwamba nilimkasirikia. Nilimtazama mikono, imekauka na ina nyufa, nikafikiria kwamba anahitaji mafuta. Kisha nikamwambia twende kwa Mkuu. Akawasha gari, akakwangua gia, tukageuka kurudi.

Mkuu alikuwa amekwishaondoka. Tutakwenda kesho.

Tarehe 19

Nilikuwa mlangoni kabla hajafika. Nikasema nikiwa nimesimama, ili nisipate nafasi ya kukaa na kunyamaza.

"Mume wangu alikuwa hajui tena kushoto na kulia. Kadi tisa za mwisho zimegeuzwa. Shemeji si yeye."

Mkuu alivua miwani. Kwanza akanyanyua redio, akamwagiza askari asitoke hata homa ikipona. Kisha akauliza tangu lini, kama nilivyojua. Nikamwambia tangu mwezi wa nne. Akauliza, tena bila ukali, kama mimi sikuona. Nikamwambia sikuona.

Akafikiri, akasema anaweza kuandika kwamba kamera ilikuwa na hitilafu, picha haisomeki, mambo yaishe. Hakuna haja ya kumtaja marehemu. Nilijua ananitendea wema. Nikamwambia aandike ilivyo, kwa sababu wapo watu mbali huko wanaozitumia kadi zile na hawajui.

Alisimama akazishusha ukutani zile tisa, moja moja, akanipa. Nyingine aliziacha, na picha aliiacha. Pale zilipokuwa rangi ya ukuta ni nyeupe zaidi.

Akauliza basi aliyefanya ni nani. Nikamjibu kwa kadi ni Bwana Harusi, lakini kwa kadi sitatia sahihi tena. Nitakwenda kutazama.

Tarehe 20

Wifi. Bado.

Tarehe 28

Siku nane za kumtafuta asiye na kola. Leo tumempata peke yake kwenye kivuli cha mwamba, upande wa uzio. Amekonda. Alipopiga miayo niliona jino kubwa la chini limevunjika hadi kwenye fizi, na hapo nikajua kwa nini siku hizi anapenda ng'ombe waliofungwa. Nilingoja saa tatu mpaka akageuka. Shavu la kulia, mawili, juu ya la tatu na la tano. Nikamwomba Babu Gia naye ahesabu. Akahesabu, akanirudishia darubini, akasema ndiyo hivyo.

Nimeandika Bwana Harusi. Nimetia sahihi.

Tarehe 3, mwezi wa nane

Saa moja na dakika arobaini asubuhi. Risasi moja. Askari anaijua kazi yake. Alivua kofia kama alivyonivulia mimi.

Nilipiga magoti, nikahesabu mara ya mwisho. Mawili. Ndiye. Sharubu bado zilikuwa na umande. Nilitegemea hapa ndipo nitasikia kitu, kwa kuwa nimempoteza simba niliyemfuata mwaka mzima na nimefanya lililo sawa. Nilisikia njaa.

Tarehe 4

Mkamuaji amerudi zizini, mkono mmoja kwenye tanzi la kitambaa. Anakamua kwa mwingine.

Tarehe 17

Wageni wameanza kunguruma ng'ambo. Shemeji amejibu peke yake. Hata mimi nilisikia kwamba ni mmoja.

Tarehe 30

Wamevuka.

Tarehe 2, mwezi wa tisa

Shemeji ana sikio moja na nusu. Kina Dada wametawanyika. Watoto watatu nimewakuta wameuawa, chini ya ukingo palepale walipokuwa wakilala. Nimepima, nimeandika, nimetia karatasi mfukoni. Wawili sijawaona.

Babu Gia alishuka garini akaenda kukojoa, akakaa huko muda mrefu mno kwa mtu anayekojoa.

Tarehe 3

Hakuna. Kola ya Shemeji iko mbali, kusini.

Tarehe 9

Hakuna.

Tarehe 23

Tumeifuata kola ya Shemeji siku mbili, mbali kabisa ng'ambo ya korongo. Mbele alikuwa Dada Mkia Mfupi, na miguuni pake watoto wawili. Wazima, wachafu, wana matumbo. Nyuma yao, kama hatua mia tatu, Shemeji anafuata, akichechemea. Jike akisimama naye anasimama. Wanakokwenda hakuna kundi jingine.

Babu Gia akasema jina alilopewa limemkaa. Nikacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, lakini nakiandika.

Nikachukua daftari langu nikamchorea kadi mpya. KUSHOTO: mawili. KULIA: moja, la nne.

Tarehe 5, mwezi wa kumi

Mawingu, mvua haikunyesha. Wifi. Bado. Hakunilaumu safari hii. Akaniambia yeye alilia sana siku ile na sasa anashindwa kukumbuka alikuwa anafikiria nini.

Tarehe 13

Mawingu.

Tarehe 19

Mvua. Imeanza asubuhi, nzito, na njia za korongo zimefungwa. Msimu umekwisha.

Tulikuwa chini ya paa la karakana tukiosha na kufungasha. Darubini, betri, antena. Ubao wake wa kuandikia ulikuwa bado unaning'inia kwenye msumari nyuma ya kiti cha mbele, na fungu la kadi tupu limebanwa juu yake. Msimu mzima sikuugusa. Leo nikaona kadi zitaota ukungu, nikafungua kibanio nizitoe.

Chini ya kadi, kwenye ubao wenyewe, kuna mwandiko wake. Ameandika kwa penseli, ikafifia, akapitia tena, ikafifia, akapitia kwa kalamu.

Pua ikielekea anapokaa mke wangu: KULIA.
Pua ikielekea kiti kitupu: KUSHOTO.

Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena. Halafu nikaenda kuchukua daftari la mwaka jana, ingawa nilikwishajua. Ni mwandiko wangu mwenyewe. Tarehe 12, mwezi wa nne: mlango wa nyuma wa kulia umekwama, nimehamia kiti cha kushoto, jua huku ni kali.

Kadi ya tarehe 11 ni sahihi. Ya tarehe 14 imegeuzwa.

Basi si mwezi wa nne alipopotea. Alikuwa amepotea zamani, sijui tangu lini, na hakumwambia mtu. Aliyajua madoa yote na hakujua upande wake upi ni upi, akatafuta kitu kimoja kwenye gari lile ambacho hakihami, akaandika, akaficha chini ya kadi. Gari lilimtazama simba, yeye alisimama, mimi nilikaa kulia kwake. Kabla ya kuandika aliinama kuniangalia nilipo. Nami nilimwambia asinisimamie.

Kisha mlango ukakwama, nikahama kiti kwa sababu ya mlango, na yeye akaendelea kuniangalia. Kadi zile tisa hakukosea hata moja. Aliandika nilipokuwa.

Fundi aliutengeneza vizuri mlango ule. Ulifunguka kwa kidole. Niliingia nikakaa upande wa kulia na ubao mapajani, turubai la juu likipigwa na mvua, na palepale, bila kujiandaa, kilio kikaanza. Nilishika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili kwa sababu nilidhani nitaanguka, nami nimekaa. Babu Gia alikuja na kitambaa cha kufutia vioo, akaniona, akausukuma mlango taratibu kutoka nje ukafungika, akaenda kusimama mbali kidogo, mgongo kwangu.

Ni Jumapili. Saa kumi wifi akapiga. Nilipokea, nikaweka simu sikioni, sikuweza kusema hata haloo. Hakuuliza swali lake. Alisema tu, "Niko hapa, wifi," akabaki kwenye simu.